Baba Mtakatifu Paulo wa Sita na Motokaa Iliyojenga Nyumba za Wakoma

Mtu akipewa zawadi ya heshima, desturi yataka aitunze vema. Akimpa mwingine, watu huweza kudhani kwamba amemdharau yule aliyempa. Hata hivyo, alikuwako Papa aliyeletewa motokaa ya thamani kubwa, naye akaitoa kwa ajili ya maskini. Habari za maisha yake zaonyesha sababu.

Jina lake la ubatizo lilikuwa Giovanni Battista, yaani Yohane Mbatizaji, na jina la ukoo Montini. Alizaliwa siku ya 26 Septemba mwaka 1897 katika kijiji cha Concesio, karibu na mji wa Brescia, nchi ya Italia. Baba yake alisimamia gazeti, tena baadaye akawa mjumbe wa bunge. Nyumbani kwao hawakukosa kitu. Lakini mtoto alikuwa dhaifu wa mwili, hata akaruhusiwa kusomea upadri huku akikaa kwao. Siku ya 29 Mei 1920 akapewa daraja takatifu ya upadri.

Padri Montini alifanya kazi miaka mingi huko Roma, akiwasaidia Mapapa katika shughuli za Kanisa. Wakati wa vita kuu ya pili ya dunia alisimamia kazi ya kutafuta habari za wafungwa na wakimbizi, ili mama zao na wake zao wajue kama wangali hai. Mwaka 1954 akawekwa kuwa Askofu Mkuu wa Milano, mji wenye viwanda vingi. Huko hakuwangoja wafanyakazi waje kwake, bali yeye mwenyewe aliingia viwandani kuwatazama.

Papa Yohane wa Ishirini na Tatu alipofariki, makardinali walimchagua Montini siku ya 21 Juni 1963. Akajiita Paulo, kwa jina la Mtume wa mataifa. Wakristu wa Milano wakamletea taji la mapapa, naye akavikwa taji hilo. Lakini siku ya 13 Novemba 1964, mbele ya maaskofu wa dunia yote waliokusanyika kwa Mtaguso Mkuu, alishuka kitini pake, akaliweka taji juu ya altare liwe sadaka kwa maskini. Tangu hapo hakulivaa tena.

Hazikupita wiki tatu, akasafiri kwenda Bombay, mji wa Uhindi uitwao leo Mumbai, kuhudhuria Mkutano wa Ekaristi wa mataifa yote. Huko alipanda motokaa kubwa jeupe aina ya Lincoln, zawadi iliyotoka Marekani. Makundi makubwa ya watu yalijaa njiani kumtazama, na wengi wao hawakuwa Wakristu. Katika mji huo huo kulikuwa na watu wengi waliolala barabarani, wasio na nyumba wala chakula cha kesho. Baba Mtakatifu aliwaona. Basi alipokuwa akiondoka, mwezi wa Desemba 1964, hakutaka motokaa ile imfuate Roma. Akampa Mama Teresa wa Kalkuta, iwe msaada kwa kazi yake kati ya maskini.

Mama Teresa alikuwa mtawa aliyeanzisha shirika la Wamisionari wa Mapendo mwaka 1950. Yeye na masista wake walizoea kwenda kwa miguu. Motokaa ile ingewafaa nini? Yahitaji mafuta, yahitaji dereva, na kikiharibika chuma kimoja, kupata kingine ni gharama kubwa. Kwa hiyo Mama Teresa hakuipanda. Wala hakuiuza kwa mnunuzi mmoja, bali aliifanyia bahati nasibu: watu wengi hununua tikiti, kila mmoja kwa fedha kidogo, kisha tikiti moja huokotwa, na mwenye hiyo ndiye apataye kitu. Kwa njia hiyo akapata fedha kuliko ambazo angepata kwa kuiuza tu.

Fedha hizo zikasaidia kujenga makao ya wakoma yaitwayo Shanti Nagar, maana yake Mji wa Amani, karibu na Asansol, ambao ni mji wa njia nyingi za reli kama Kamina. Zamani mwenye ukoma alifukuzwa na ndugu zake, akaishi kwa kuombaomba. Katika Mji wa Amani alipewa dawa, alikaa nyumbani pamoja na jamaa yake, na aliyekuwa na nguvu alifanya kazi. Hivyo kitu kilichombeba mtu mmoja mwenye heshima kikawapa makao watu wengi walionyimwa heshima.

Je, Baba Mtakatifu aliwadharau waliompa motokaa? Sivyo. Aliipokea, akaitumia mbele ya watu wote, kisha akaifikisha zawadi yao kwa wagonjwa ambao wao wasingewafikia kamwe. Tena hakutoa kitu kilichochakaa, bali kitu kizuri kilichotamaniwa na matajiri.

Hata hivyo alijua kwamba motokaa moja haiwezi kumaliza umaskini. Mwaka 1967 aliwaandikia watu wote barua iitwayo kwa Kilatini Populorum Progressio, juu ya maendeleo ya mataifa. Alifundisha kwamba Mungu aliumba mali ya dunia kwa ajili ya watu wote, na kwamba si haki mtu kujiwekea yanayomzidi wakati wengine wanakosa ya lazima.

Waafrika pia walimfahamu. Ndiye aliyewatangaza Mashahidi 22 wa Uganda kuwa watakatifu, siku ya 18 Oktoba 1964, na mwaka 1969 akaja mwenyewe Kampala na Namugongo. Masista wa Mama Teresa nao walifika Tabora, nchi ya Tanzania, mwaka 1968.

Papa Paulo alifariki siku ya 6 Agosti 1978. Kama alivyoagiza, jeneza lake lilikuwa la mbao tu, likawekwa chini wakati wa Misa, naye akazikwa udongoni pasipo mnara. Mama Teresa alifariki mwaka 1997, akatangazwa mtakatifu mwaka 2016. Paulo wa Sita naye alitangazwa mtakatifu mwaka 2018.

Ewe mkatekumeni, huenda huna motokaa, wala hutakuwa nayo. Lakini yupo mwenye baiskeli, na jirani yake mgonjwa hana njia ya kufika zahanati. Yupo mwenye nguvu za mikono, na mjane karibu naye ana shamba lisilolimwa. Mungu hatauliza kitu kilikuwa na bei gani, bali kilimfaa nani.

Maswali
1. Kwa nini Mama Teresa hakuipanda motokaa aliyopewa?
2. Je, kutoa kitu ulichopewa ni kumdharau aliyekupa? Eleza.
3. Nyumbani mwako mna kitu gani kizuri ambacho mwingine anakihitaji kuliko wewe?