Habari za Kardinali Laurean Rugambwa

Magharibi ya Ziwa Viktoria Nyanza iko nchi ya Wahaya, nchi ya migomba na kahawa. Upande wa Muleba wa siku hizi kuna mahali paitwapo Bukongo, na huko ndiko alikozaliwa mtoto Rugambwa, tarehe 12 Julai 1912. Siku zile Wadachi walikuwa wangali wakitawala. Baba yake aliitwa Rushubirwa, na mama yake Mukaboshezi, nao walikuwa watu wa ukoo bora. Jina la Rugambwa latokana na neno la Kihaya lenye maana ya kusema. Basi maana yake ni mtu asemwaye. Wakati ule hakuna aliyejua ya kuwa jina hilo litasemwa hata ng'ambo ya bahari.

Mapadre wa Shirika la Mababa Weupe walikuwa wamefika Kashozi, karibu na Bukoba, mwaka 1892. Mafundisho yao yakaenea polepole mpaka vijijini. Vita kuu ilipokwisha, nchi ilikuwa imeshika mikononi mwa Waingereza. Tarehe 19 Machi 1921 mtoto yule, ambaye hajatimiza miaka 9, alibatizwa pamoja na baba yake na mama yake. Yeye akapewa jina la Laurean.

Alipokua alitaka kuwa padre. Kazi hiyo haipatikani kwa haraka. Ilimpasa kuacha nyumba ya wazazi, kujifunza Kilatini, na kwenda mbali hata seminari ya Katigondo katika nchi ya Uganda. Tarehe 12 Desemba 1943 Askofu Burcardo Huwiler akampa daraja ya upadre, naye alikuwa na miaka 31. Mwaka 1949 alipelekwa Roma, akasoma sheria za Kanisa mpaka akapata shahada ya udaktari.

Hata mwisho wa mwaka 1951, sehemu ya nchi ya Bukoba ilikatwa ikafanywa jimbo la peke yake, likaitwa Kagera ya Chini. Papa akamchagua Padre Rugambwa kuwa askofu wake. Tarehe 10 Februari 1952 aliwekwa wakfu huko Rutabo, si mbali na kwao. Katika siku hiyo alikuwapo Askofu Joseph Kiwanuka wa Masaka, ambaye mwaka 1939 alikuwa mmoja wa Waafrika wa kwanza wa zama hizi kuwekewa mikono ya uaskofu katika Kanisa Katoliki.

Yafaa kufahamu uzito wa jambo hili. Wakati ule Tanganyika ilikuwa chini ya Waingereza, na maaskofu Wakatoliki wote wa nchi walikuwa wageni. Wako waliokuwa na shaka kama mtu mweusi aweza kuongoza mapadre, kutunza mali ya Kanisa na kuamua mashauri ya watu wengi. Kama jimbo lile lingaliharibika, aibu isingalikuwa ya mtu mmoja tu. Wengi waliomfuata wangalifungiwa mlango. Lakini jimbo halikuharibika.

Tarehe 28 Machi 1960 Papa Yohane XXIII alimfanya kardinali, maana yake mmoja wa washauri wa Papa, wenye haki ya kumchagua Papa mpya. Hakuna Mwafrika mweusi aliyepata cheo hicho mbele yake. Siku ile ile kardinali wa kwanza wa Wajapani na kardinali wa kwanza wa Wafilipino walipewa cheo pamoja naye. Tanganyika ilikuwa haijapata uhuru bado. Uhuru ulikuja Desemba 1961. Tangu mwaka 1962 hata 1965 aliketi katika Mtaguso Mkuu huko Vatikano, ambao ulifungua njia ya Misa kusomwa kwa lugha za watu, badala ya Kilatini peke yake. Aidha aliingia mara tatu katika uchaguzi wa Papa: mwaka 1963, na mara mbili mwaka 1978.

Lakini kila heshima ilikuwa na gharama yake. Desemba 1968 alitakiwa kuiacha Bukoba, akawa Askofu Mkuu wa Dar es Salaam. Baada ya miaka karibu 17 ya kuwachunga watu wa kwao, akaenda pwani, kwenye mji wa watu wa makabila yote na dini mbalimbali. Mwishoni mwa Oktoba 1978, majuma machache tu baada ya uchaguzi wa Papa, majeshi ya Idi Amin yalivuka mpaka wa Kagera. Watu wakauawa, na nyumba zikaharibiwa. Nchi aliyozaliwa ilikuwa katika kilio, naye kazi yake ilikuwa mbali.

Tarehe 12 Julai 1992 alitimiza miaka 80. Kwa sheria ya Kanisa, kardinali wa umri huo hana tena haki ya kumchagua Papa. Siku 10 baadaye, tarehe 22 Julai, akaiacha na kazi ya jimbo, na Askofu Polycarp Pengo akashika mahali pake. Hivyo katika siku 10 aliweka chini mambo mawili makubwa aliyokuwa amekabidhiwa. Desemba 1993 alitimiza miaka 50 ya upadre, hana jimbo la kutawala; ule upadre aliopewa kwanza ndio uliombakia. Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza, na mamia ya watu wakafa maji. Msiba huo uliingia katika nyumba nyingi za Kagera, na mzee huyu alikuwa hai angali.

Alifariki Dar es Salaam tarehe 8 Desemba 1997, mwenye umri wa miaka 85. Mwili wake ulirudishwa nyumbani, ukazikwa Kashozi, pale ambapo Injili ilianzia katika Buhaya. Kanisa kuu la Bukoba lilikuwa halijawa tayari kumpokea. Akangoja karibu miaka 15. Oktoba 2012, mwaka wa 100 tangu kuzaliwa kwake, mabaki yake yakahamishiwa katika kanisa hilo.

Basi Rugambwa alisemwa, kama jina lake lilivyo. Lakini cheo alichopewa hakikuwa mali yake. Alikipokea, akakitumia, na saa ilipofika akakirudisha. Amana ikirudishwa salama, hiyo ndiyo shukrani ya mtu aliyeaminiwa.