GUSTAVE EIFFEL: MZEE ALIYEUPIMA UPEPO

Wengi wetu tulipokuwa madarasani tulimjua Gustave Eiffel kwa mnara wake wa Paris tu. Lakini mnara huo ulipozinduliwa mwaka 1889 alikuwa na umri wa miaka 56, na kazi ambayo mimi naiona kubwa zaidi alikuwa hajaianza.

Alizaliwa Dijon, Ufaransa, tarehe 15 Desemba, 1832. Alijenga madaraja ya chuma, na adui wake siku zote alikuwa upepo. Mwaka 1893 alihukumiwa kifungo cha miaka miwili katika kashfa ya Mfereji wa Panama. Hukumu ilifutwa na mahakama ya juu mwaka huohuo, ila ujenzi aliuacha, akageukia uchunguzi.

Kwanza aliangusha vibao vya maumbo mbalimbali kutoka mnarani, mita 115 juu, ili apime ukinzani wa hewa. (Kibali cha mnara kilikuwa cha miaka 20 tu, kuutumia kwa sayansi kulisaidia usibomolewe.) Mwaka 1909 alijenga handaki la upepo karibu na mnara, na mwaka 1912 jingine kubwa huko Auteuil.

Ndipo ulipozuka ubishi wa tufe. Tufe halikuchongoka kama samaki. Hewa haiwezi kuliambaa lote. Hubanduka na kuacha nyuma mkia wa vurugu, na mkia huo ndio unaolivuta. Wataalamu wa Göttingen, Ujerumani, walipata ukinzani zaidi ya mara mbili ya ule wa Eiffel, wakadhani mzee amekosea hesabu. Naye, akikaribia miaka 80, alirudi kwenye handaki na matufe ya ukubwa mbalimbali, akaongeza kasi hatua kwa hatua. Akaona ajabu: kasi ikipita kiasi fulani, kigezo cha ukinzani hushuka ghafla. Wajerumani walikuwa wamepima kwa upepo wa polepole zaidi. Hakuna aliyekosea.

Sababu aliieleza Ludwig Prandtl, wa hukohuko Göttingen, mwaka 1914. Tabaka jembamba la hewa linalogusa tufe likivurugika, huambatana nalo mbali zaidi kabla ya kubanduka, na mkia huwa mwembamba. Alizungushia tufe waya mwembamba kuvuruga tabaka hilo makusudi, na ukinzani ukapungua. Vishimo vya mpira wa gofu hufanya kazi hiyohiyo.

Eiffel alifariki Paris tarehe 27 Desemba, 1923, akiwa na miaka 91. Maabara yake ya Auteuil ingali imesimama.