Bwana Game: Mfuata Nyayo wa Nyika ya Kaskazini

Wasomaji wengi wa pwani wanalijua jina la Elsa, yule simba jike aliyelelewa na watu kisha akarudishwa porini. Wazee wetu waliokuwa wakienda sinema baada ya mwaka 1966 walimwona katika filamu ya Born Free, na vijana wamemsoma shuleni. Lakini yule mzee aliyemleta Elsa nyumbani, mwenye ndevu nyeupe, kaptura na kiko mdomoni, aghalabu hutajwa kama mume wa mwandishi tu. Leo nataka kuyaeleza maisha ya marehemu George Adamson kwa upande mmoja ambao naona umesahauliwa, nao ni mwendo wake wa miguu. Kwa zaidi ya miaka hamsini alizunguka katika nyika na milima ya kaskazini mwa Kenya, tangu Garissa hadi ufuko wa Ziwa Turkana, na karibu kila alikofika alikuta njia imekwisha kukanyagwa. Ni nani aliyeikanyaga? Hilo ndilo swali linalonifanya nimkumbuke.

Adamson alizaliwa Etawah, Bara Hindi, tarehe 3 Februari 1906. Baba yake alikuwa Mwairishi. Alisomeshwa Uingereza, na mwaka 1924, akiwa kijana wa miaka 18, akaja Kenya kufanya kazi katika shamba la kahawa la baba yake. Kahawa haikumkaa moyoni. Akajaribu kazi moja baada ya nyingine: akafanya biashara ya mbuzi, akatafuta nta ya nyuki, akawaongoza wawindaji, akachimba dhahabu. Mali hakupata. Mwaka 1934 yeye na rafiki yake Nevil Baxter walikwenda kutafuta dhahabu kando ya Ziwa Turkana, ambalo siku hizo liliitwa Rudolf. Walipotaka kuvuka ng'ambo walijiundia mashua ya fito na maturubai, wakaingia nayo katika maji ambayo upepo wake huvuma ghafula kama wa kusi iliyokasirika. Sidhani kama yuko nahodha wa Lamu au wa Faza ambaye angekubali kupanda chombo kile. Walivuka salama, lakini dhahabu hawakuiona.

Alichokiona ni nchi yenyewe, na toka hapo haikumtoka tena moyoni.

NJIA ZILIZOTANGULIA

Mwaka 1938 aliingia katika Idara ya Wanyama ya serikali ya kikoloni, akapewa kulinda Jimbo la Mpaka wa Kaskazini, kituo chake kikiwa Isiolo. Jimbo hilo lilikuwa kubwa kupita kiasi, toka mto Tana mpaka mpaka wa Uhabeshi. Barabara za gari zilikuwa chache, na msimu wa mvua hata hizo chache zilizama matopeni. Basi safari zilikuwa kwa ngamia na punda kubeba maji, na watu kwa miguu. Wenyeji wakampa jina la Bwana Game, nalo ndilo alilokuja kukiita kitabu chake cha kwanza mwaka 1968.

Mimi nimepita mara kadhaa katika barabara ya kutoka Malindi kwenda Garissa kupitia Garsen na Hola. Abiria anayechungulia dirishani huona vichaka vya miiba na vumbi jekundu, akasema moyoni kuwa nchi hii ni tupu. La hasha. Miti ile inayoonekana kama imekufa wakati wa kiangazi, mingi yake ni ya jamaa za manemane na ubani. Ule ubani tunaoufukiza majumbani mwetu na katika hafla za maulidi ni utomvu wa miti ya nchi kavu kama hiyo. Ukikaribia mto unakutana na mikoma na mikuyu, na kivuli kizito cha msitu wa ukingoni. Na chini ya vichaka hivyo vyote zimo njia, nyembamba kama uzi, zinazokwenda na kukutana.

Njia hizo zina wenyewe. Nyingine ni za ndovu. Ndovu ni mzito, kwa hiyo mlimani huchagua mteremko ulio rahisi kuliko yote, na msafiri mwenye akili humfuata. Nyingine ni za wafugaji, Wasomali, Waborana na Waorma, nazo huunga kisima na kisima, kwa kuwa katika nchi ile safari haipimwi kwa maili bali kwa maji. Wajir imepata kuwa mji kwa sababu ya visima vyake, na Garissa kwa sababu ya mto. Tena zimo njia za Wawata, wawindaji wa kale wenye upinde na mishale ya sumu, ambao walimjua ndovu kwa unyayo kama mtu amjuavyo jirani yake kwa sauti.

Adamson alijifunza kwa watu hao. Askari wake wa wanyama na wafuata nyayo walikuwa wenyeji, na ndio waliomwonyesha namna ya kusoma ardhi. Unyayo wenye kingo kali ni wa karibuni. Ukingo uliomong'onyoka ni wa jana. Ukiona vijia vya wadudu juu ya alama ya mguu, jua mnyama amepita kabla ya usiku kwisha. Mavi ya ndovu hupimwa joto kwa mkono. Jani lililovunjwa huonyesha saa kwa jinsi lilivyonyauka. Hiyo ni elimu, na ilikuwapo kabla ya Bwana Game na kabla ya serikali iliyomtuma.

Serikali hiyo nayo ilikuwa na desturi ya kuzifunga njia. Jimbo la Kaskazini lilihesabiwa kuwa eneo lililofungwa. Mtu wa nje hakuingia wala wa ndani hakutoka bila ya kibali, na sheria ya mwaka 1934 iliwapa wakuu wa wilaya mamlaka makubwa juu ya makabila na malisho yao. Kwa hiyo katika njia ile ile, Mzungu alipita akihesabiwa mpelelezi wa nchi, na mfugaji aliyerithi njia hiyo kwa babu zake aliulizwa karatasi. Haya yafaa kukumbukwa tunapomsifu Adamson, ingawa si yeye aliyeyatunga.

GARISSA, PWANI NA MLIMA KULAL

Wakati wa Krismasi ya mwaka 1942, mjini Garissa, alikutana na Joy, mwanamke mzaliwa wa Austria ambaye wakati huo alikuwa mke wa mtaalamu wa mimea, Peter Bally. Mwaka 1944 Joy na George walioana. Joy alikuwa mchoraji hodari. Kuanzia mwaka 1949 serikali ilimpa kazi ya kuwachora watu wa makabila ya Kenya katika mavazi yao, akatoa mamia ya picha, na watu wa pwani yetu wamo. Anayetaka kujua bibi zetu walivaaje na wazee walijifunga vipi vilemba, atapata mengi katika picha zile.

Elsa alikuja mwaka 1956. Adamson alikuwa akimsaka simba mla watu, akashambuliwa na simba jike, akampiga risasi. Kisha ikaonekana kuwa yule mama alikuwa akiwalinda wanawe watatu. Wawili walipelekwa bustani ya wanyama huko Rotterdam, Uholanzi. Mdogo wao, Elsa, alibaki, akitunzwa na Nuru, mtumishi wa nyumba, ambaye subira yake haijasifiwa inavyostahili.

Si wengi wanaojua kwamba Elsa alifika baharini. Adamson aliitwa pwani ya kaskazini, karibu na mpaka wa Somalia, ambako simba walikuwa wakiwasumbua wavuvi, akamchukua Elsa pamoja naye. Basi katika mchanga ule ambao Wabajuni huvutia mashua zao, simba alikimbizana na mawimbi na kuwafukuza kaa.

Lakini safari kubwa ilikuwa ile ya Ziwa Rudolf, Elsa akiwa na umri wa mwaka mmoja na nusu hivi. Walikwenda kwa miguu na msafara wa punda. Simba ilibidi afungwe mnyororo punda wanapokaribia, maana tabia ya asili haifutwi na malezi. Walianza mwendo alfajiri, wakapumzika jua likiwa kali, juu ya mawe meusi ya volkeno yanayochana viatu. Wakapanda Mlima Kulal, wenye kimo cha karibu mita 2,300. Mlima huo ni ajabu ya Mungu: chini yake ni jangwa, na kileleni ni msitu wa baridi unaonyweshwa na ukungu, na katikati yake limo bonde lenye kina cha kutisha lililoupasua kama jembe. Wasamburu na Warendile hupandisha mifugo yao huko wakati wa kiangazi. Hata pale juu, mahali ambapo mgeni angejidhania wa kwanza, njia ya ng'ombe ilikuwako.

KORA

Elsa alirudishwa porini huko Meru, akazaa watoto watatu mwishoni mwa mwaka 1959, akafa Januari 1961 kwa ugonjwa uletwao na kupe. Adamson aliacha kazi ya serikali, na baada ya filamu kutengenezwa akawachukua baadhi ya simba walioigizwa humo ili awafunze kuwinda. Mmoja alipewa jina la Ugas, ambalo kwa Kisomali ni cheo cha mtawala.

Mwaka 1970 alihamia Kora, kusini mwa mto Tana, magharibi ya Garissa, katika wilaya ya Tana River. Ni nchi ya vichaka iliyosimamishwa majabali makubwa ya mawe mekundu, kama majahazi yaliyopwelewa. Chini ya jabali mojawapo akajenga Kampi ya Simba: vibanda vya makuti na uzio wa waya. Watu ndio waliokaa ndani ya uzio, na simba nje. Ndugu yake Terence alikata barabara katika vichaka, akisaidiwa na vibarua wenyeji. Huko ndiko alikoletwa Christian, simba aliyenunuliwa katika duka moja kubwa la London.

Kazi hiyo ilikuwa na gharama. Mwaka 1971 simba aitwaye Boy alimuua mmoja wa watumishi wa kambi, na Adamson akampiga risasi simba huyo kwa mkono wake mwenyewe. Mwaka 1980 Terence aling'atwa usoni. Ikaulizwa, na ni haki kuulizwa, kama inafaa kumrudisha porini simba asiyemwogopa binadamu.

Palikuwa na gharama nyingine iliyotajwa kidogo. Kora ilifanywa hifadhi mwaka 1973. Mfugaji ambaye ngamia wake hufuata mvua mpaka mtoni aliambiwa kuwa sasa amevuka mpaka. Ukame ulipobana, aliingia. Mifugo ikala majani, simba wakala mifugo, mfugaji akatega sumu. Kila mmoja alikuwa katika njia yake ya zamani. Pamoja na hayo, miaka ile watu wa kaskazini mashariki waliona mateso mazito: Garissa mwaka 1980, na Wagalla karibu na Wajir, Februari 1984, ambako raia wengi wa Kisomali waliuawa na vyombo vya dola. Bunduki zilijaa, na wezi wa pembe wakazitumia. Ndovu wa Kenya, waliokuwa zaidi ya 160,000 mwanzoni mwa miaka ya 1970, walibaki chini ya 20,000 kufikia mwaka 1989.

Tarehe 20 Agosti mwaka huo, majambazi walivamia gari lililokuwa na mgeni wa Adamson karibu na kambi. Mzee wa miaka 83 aliposikia risasi aliingia katika gari lake na watumishi wake, akaenda moja kwa moja kwenye milio. Mgeni aliokoka. Adamson na watumishi wawili, wananchi wa Kenya, waliuawa. Alizikwa Kora, alikokuwa amezikwa Terence mwaka 1986. Joy alikuwa ameuawa mapema zaidi, Januari 1980, huko Shaba.

Yeye amepewa haki yake: maporomoko ya Tana yaitwayo Adamson's Falls yana jina lake, na Kora ikapandishwa kuwa mbuga ya taifa. Linalobaki ni haki ya wenye njia. Tazama Ishaqbini, katika Garissa ya kusini, karibu na mpaka wa Lamu. Huko yuko hirola, paa mkubwa mwenye alama nyeupe machoni kama miwani, ambaye kwa asili hapatikani ila katika nchi hizi za mpaka wa Kenya na Somalia, na inakadiriwa kuwa waliobaki hawazidi 500. Wafugaji wa Kisomali wenyewe walitenga sehemu ya malisho yao, na mwaka 2012 likafunguliwa eneo la uzio la kumlinda. Hawakuhamishwa, wala hawakuamriwa. Walimwona hirola kuwa ni wao.

Kwa maoni yangu hapo ndipo kazi ya Adamson ingefaa kuendelea. Alikuwa mtu jasiri na mnyofu, aliyeishi kwa kidogo na kufa akimwendea mwenye shida. Alijua kuwa mnyama hawezi kuishi bila ya njia zake za zamani. Ila nyika ile ina njia za aina mbili, za mnyama na za mfugaji, nazo hukutana katika maji yale yale. Atakayefunga moja ili kuilinda nyingine atazipoteza zote mbili.