KAREL ČAPEK: MZAZI WA ROBOTI, ADUI WA VITA

Wahenga walinena kuwa kikulacho ki nguoni mwako. Hata hivyo, binadamu ana mazoea ya kumtafuta mbali yule amlaye. Vijana wengi ni mashabiki wa filamu na hadithi zinazosimulia habari za maroboti waliotoka sayari za mbali. Maroboti hao huwa wamegawanyika katika makundi mawili yanayohasimiana. Hujificha duniani wakiwa na umbo la magari na mitambo ya kawaida, kisha huchochea vita vya binadamu kwa siri ili kuendeleza uhasama wao wenyewe. Mtazamaji huburudika, na pengine hufarijika pia, kwa kuwa ameambiwa kwamba damu iliyomwagika duniani ilimwagwa na wageni.

Makala haya yanadhamiria kueleza maisha ya mwandishi aliyeupa ulimwengu neno roboti, Mcheki Karel Čapek (1890-1938). Tutaona kwamba katika kazi zake mkono unaochochea vita ni wa binadamu mwenyewe.

Kuzaliwa na Malezi

Karel Čapek alizaliwa tarehe 9 Januari 1890 katika kijiji cha Malé Svatoňovice, kaskazini mashariki mwa Bohemia. Alikuwa kitinda mimba katika familia ya watoto watatu. Dada yake aliitwa Helena na kaka yake, Josef, alikuja kuwa mchoraji mashuhuri. Baba yao alikuwa daktari. Mama yao alikuwa mpenzi wa ngano na nyimbo za watu wa kwao, na alizikusanya kwa bidii. Si ajabu basi kwamba mwanawe alipokomaa aliandika, pamoja na tamthilia na riwaya, ngano za watoto ambazo husomwa hadi leo.

Wakati huo Bohemia ilikuwa chini ya Milki ya Austria na Hungaria. Kijerumani ndicho kilichokuwa lugha ya mamlaka, nacho Kicheki kilikuwa kikipigania hadhi yake. Akiwa mwanafunzi mjini Hradec Králové, Čapek alijiunga na chama cha siri cha wanafunzi waliopinga utawala wa Austria. Jambo hilo lilipojulikana ilimbidi aihame shule na kwenda kusomea Brno. Baadaye alisomea falsafa katika Chuo Kikuu cha Charles mjini Prague, pamoja na kipindi cha masomo Berlin na Paris, na akatunukiwa shahada ya uzamifu mwaka 1915. Licha ya kukimudu Kijerumani na Kifaransa, aliamua kuandika kwa Kicheki. Sisi tunaosoma Kiswahili hatuhitaji kufafanuliwa uzito wa uamuzi huo.

Tangu ujana wake alisumbuliwa na maradhi ya uti wa mgongo yaliyomlazimu kutembea kwa mkongojo. Kwa sababu hiyo hakuingizwa jeshini Vita vya Kwanza vya Dunia vilipozuka mwaka 1914. Vijana wa rika lake walipelekwa vitani na wengi hawakurudi. Yeye alibaki nyuma akiyatazama mambo hayo, na mwaka 1917 akaanza kazi ya uandishi wa habari. Mwaka 1918 nchi ya Chekoslovakia ikaundwa, na kuanzia 1921 hadi kufa kwake Čapek aliandikia gazeti la Lidové noviny.

Asili ya Neno Roboti

Mwaka 1920 Čapek alikuwa akitunga tamthilia kuhusu wafanyakazi walioundwa kiwandani. Alikuwa amefikiria kuwapa jina lililotokana na neno la Kilatini lenye maana ya kazi, lakini aliliona jina hilo limejaa usomi mno. Kama alivyosimulia mwenyewe mwaka 1933, alimwendea Josef aliyekuwa akichora, akamweleza shida yake. Josef, bila kuiacha kazi yake, akapendekeza jina roboti.

Neno hilo linatokana na neno la Kicheki robota. Maana yake ni kazi ambayo mkulima mnyonge alilazimishwa kumfanyia bwana mwenye ardhi bila ujira. Kiswahili kina neno lake, nalo ni shokoa. Wazee wetu waliojengeshwa barabara na kulimishwa mashamba ya wakoloni kwa nguvu waliijua robota vyema, ingawa neno lenyewe hawakuwahi kulisikia. Leo roboti ni neno la Kiswahili pia, na ni vyema anayelitumia akumbuke kwamba lilianza kama jina la mtumwa.

Aidha, maroboti wa Čapek hawakuwa wa chuma. Walikuwa na nyama na damu iliyotengenezwa kiwandani, na kwa macho hawakutofautiana na watu. Mwaka 1935 mwandishi aliandika gazetini kulalamika kwamba watu wamekigeuza kiumbe wake kuwa bati lenye magurudumu.

Maroboti Wanaofundishwa Kuchukiana

Tamthilia hiyo, R.U.R., ilioneshwa katika Ukumbi wa Taifa wa Prague tarehe 25 Januari 1921. Mwaka uliofuata ilioneshwa New York, na mwaka 1923 ikafika London. Inahusu kiwanda kilichoko kisiwani kinachouza maroboti kote duniani. Mwanzoni maroboti hao wanafanya kazi za mashambani na viwandani. Wafanyakazi wanapoasi, matajiri wanawapa maroboti silaha ili wawazime waasi. Baada ya hapo serikali zinawanunua kwa maelfu na kuwafanya wanajeshi, na vita vinaongezeka. Hatimaye maroboti wenyewe wanaasi na kuwaangamiza watu wote isipokuwa fundi mjenzi mmoja, Alquist, ambaye wanamhurumia kwa kuwa anafanya kazi kwa mikono yake kama wao.

Kuna tukio moja katika tamthilia hii ambalo watu wengi hulipita haraka. Meneja wa kiwanda, Domin, anapotambua kwamba maroboti wa dunia nzima wameanza kuungana, anabuni njia ya kuwazuia. Anapanga kujenga kiwanda katika kila nchi. Kila kiwanda kitaunda maroboti wa taifa lake, wenye rangi yao na lugha yao, nao watafundishwa kuwachukia maroboti wa mataifa mengine. Kwa hesabu yake, maroboti wakichukiana hawataungana dhidi ya binadamu. Msomaji wa Kiafrika ataitambua mbinu hii papo hapo, kwani ndiyo iliyotumiwa na wakoloni kuwagawanya watu wetu ili wawatawale.

Hapa ndipo Čapek anapotofautiana na filamu tulizozitaja hapo awali. Katika filamu, maroboti wanaohasimiana ndio wanaowachochea watu wapigane. Katika R.U.R., watu ndio wanaopanga kuwachochea maroboti. Maroboti hawakuzaliwa na chuki. Walitarajiwa kuipokea kiwandani kama walivyopokea mikono na macho. Tamthilia hii ilipozua mjadala London mwaka 1923, Čapek alieleza kwamba yeye alivutiwa zaidi na watu kuliko maroboti.

Mashine, Salamanda na Silaha

Dhamira hii haikukoma katika R.U.R. Riwaya ya Továrna na absolutno, yaani Kiwanda cha Uungu (1922), inahusu mashine inayozalisha nguvu nyingi mno kwa kuteketeza makaa hadi chembe ya mwisho. Kila mashine inapowaka inaachilia nguvu ya kiungu iliyokuwa imefungwa ndani ya makaa, na walio karibu wanajawa na imani kali. Tajiri Bondy anajua hatari hiyo, lakini anaziuza mashine hizo kote duniani. Punde kila kundi linadai kuwa mungu wa kweli ni wake pekee, na dunia inatumbukia vitani.

Mwaka 1936 alichapisha Válka s mloky, yaani Vita na Salamanda. Viumbe wa majini wenye akili wanagunduliwa karibu na Sumatra, wanatumiwa kuzamia lulu, kisha wanauzwa kwa mamilioni kama vibarua. Kila serikali inawapa salamanda wake silaha ili walinde pwani yake. Wanapoanza kuibomoa nchi kavu ili wapate nafasi ya kuishi, wafanyabiashara bado wanawauzia baruti, na mabenki yanawakopesha fedha. Fauka ya hayo, msomaji anaambiwa kuwa kiongozi mkuu wa salamanda ni binadamu aliyekuwa sajini katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Katika sura ya mwisho mwandishi anawazia salamanda wakigawanyika pande mbili na kuangamizana, kwa kuwa wameshajifunza utaifa kutoka kwa walimu wao.

Miaka ya Mwisho

Riwaya hiyo ilitoka wakati Hitler alikuwa ametawala Ujerumani kwa miaka mitatu. Čapek, aliyekuwa rafiki wa Rais Masaryk na mtetezi wa demokrasia, hakunyamaza. Katika tamthilia ya Bílá nemoc, yaani Maradhi Meupe (1937), daktari anayejua tiba ya tauni anawatibu maskini tu, na anakataa kuwatibu wakubwa hadi waache vita. Dikteta mwenyewe anapougua na kukubali amani, daktari anauawa njiani na umati unaoshangilia vita.

Septemba 1938, huko Munich, Uingereza na Ufaransa ziliafiki Chekoslovakia imegwe na Ujerumani ipewe sehemu. Baadhi ya Wacheki walimgeuzia Čapek hasira yao, wakamwandikia barua za matusi. Aliweza kukimbilia ng'ambo lakini alikataa. Alishikwa na nimonia, akafariki Prague tarehe 25 Desemba 1938, akiwa na umri wa miaka 48. Majeshi ya Ujerumani yaliingia Prague Machi 1939, na inasimuliwa kuwa polisi wa siri walikwenda kumkamata bila kujua kuwa ameshazikwa. Josef, aliyelibuni neno roboti, alikamatwa tarehe 1 Septemba 1939 na akafia katika kambi ya Bergen-Belsen mwaka 1945, kabla tu ya vita kwisha.

Hitimisho

Maisha ya Čapek yanatufunza kuwa fasihi kuhusu maroboti na viumbe wa ajabu si mchezo wa watoto. Leo ndege zisizo na rubani zinaua, na mitambo yenye akili unde inatunga uvumi na picha za uongo. Ni rahisi kuilaumu mitambo, jinsi ilivyo rahisi kuwalaumu wageni kutoka angani. Čapek angetutaka tuulize ni nani aliyeiunda, ni nani aliyeinunua, na ni nani aliyeifundisha kuchukia. Ni wajibu wetu sisi wanafunzi wa fasihi kuyauliza maswali hayo kwa Kiswahili, kama alivyoyauliza yeye kwa Kicheki, na kuyauliza mapema.