Daudi Ocheng, mbunge aliyeihoji serikali kuhusu dhahabu ya Congo

Ijumaa ya tarehe 4 Februari 1966, Waziri Mkuu wa Uganda, Milton Obote, akiwa ziarani kaskazini mwa nchi, mbunge wa Mityana alisimama katika ukumbi wa Bunge mjini Kampala na kuwasilisha hoja fupi. Aliitaka serikali imsimamishe kazi Kanali Idi Amin, mtu wa pili kwa cheo katika jeshi, hadi polisi watakapomaliza kuchunguza akaunti yake ya benki. Mbunge huyo aliitwa Daudi Ocheng. Alikuwa na saratani ya tumbo, na alikuwa amebakiza takriban miezi minne ya kuishi.

Hoja ilisomwa Kampala, lakini mzizi wake ulikuwa West Nile. Amin alikuwa Mkakwa, na ukoo wa baba yake ulitoka Koboko, pale Uganda inapokutana na Congo na Sudan. Waziri wa Ulinzi aliyetakiwa kumjibia, Felix Onama, alikuwa Mmadi wa Moyo aliyepata sifa katika chama cha ushirika cha West Nile kabla ya kuingia katika siasa za taifa. Mali iliyobishaniwa, yaani dhahabu, pembe za ndovu na kahawa, ilidaiwa kuvuka mpaka kutoka Congo, na njia yake ya kufika Kampala ilikuwa Arua. Mtu aliyekuwa akiishi Dadamu au kwingineko katika Ayivu wakati ule hakuhitaji kusoma kumbukumbu za Bunge ili ajue kwamba Congo inawaka moto. Mpaka ulikuwa mwendo mfupi tu kutoka shambani kwake.

Ocheng mwenyewe hakutoka West Nile. Alikuwa Mwacholi, mtoto wa Rwot Lacito Okech, chifu aliyekuwa pia mwandishi wa historia ya watu wake. Alisoma King's College Budo, shule ambako watoto wa machifu na wa wakubwa wa Buganda walikaa dawati moja na wenzao kutoka pembe zote za nchi, na huko alifahamiana na kijana Edward Mutesa, ambaye baadaye alitawazwa Kabaka wa Buganda. Urafiki huo haukuisha shule ilipoisha. Ocheng alisomea kilimo, akajenga maisha yake Buganda, na siasa zilipopamba moto kuelekea uhuru alijiunga na Kabaka Yekka, chama kilichoundwa kutetea kiti cha Kabaka. Alipanda hadi kuwa Katibu Mkuu wake. Hili lilikuwa jambo la kushangaza hata kwa watu wa zama zile: chama ambacho jina lake lina maana ya Kabaka peke yake, kikisemewa Bungeni na mtoto wa chifu wa Kiacholi.

Wapo waliomwona kama msaliti wa kaskazini, na wapo Waganda waliomwona kama mgeni aliyejua kuchagua marafiki. Yeye aliendelea na kazi yake.

Kazi hiyo ilikuwa rahisi mwanzoni. Uganda ilipopata uhuru tarehe 9 Oktoba 1962, Kabaka Yekka kilikuwa serikalini pamoja na UPC ya Obote. Wabunge 21 wa Buganda hawakuchaguliwa moja kwa moja na wapiga kura bali na Lukiiko, baraza la ufalme, na kura zao ndizo zilizompa Obote uwaziri mkuu. Mwaka 1963 Mutesa akawa Rais wa nchi. Mwaka uliofuata ndoa hiyo ya kisiasa ikavunjika kwa sababu ya kaunti za Buyaga na Bugangaizi, ambazo Bunyoro ilizidai na ambazo wakazi wake walipiga kura mwezi Novemba 1964 kurudi Bunyoro. Kabaka Yekka kikahamia upinzani. Lakini upinzani wenyewe ulikuwa ukipungua kila mwezi, kwa kuwa wabunge walikuwa wakivuka ukumbi kwenda upande wenye magari na vyeo. Mwisho wa mwaka huo hata kiongozi wa upinzani, Basil Bataringaya, alihamia UPC. Waziri aliyeulizwa swali gumu Bungeni hakuwa na sababu kubwa ya kuogopa, kwa sababu wingi wa viti ulikuwa wake.

Wakati huohuo vita vya Congo vilisogea hadi mlangoni. Waasi wa Simba walikuwa wameuteka Stanleyville, mji unaoitwa Kisangani leo, na waliposhindwa mwishoni mwa 1964 walirudi nyuma kuelekea mipaka ya mashariki. Serikali ya Obote iliwahurumia na kuwasaidia kimyakimya dhidi ya Moise Tshombe, waziri mkuu wa Congo aliyeungwa mkono na Ubelgiji na Marekani na aliyechukiwa na viongozi wengi wa Afrika. Amin ndiye aliyekabidhiwa kazi ya kuwasiliana na waasi hao. Gharama ya siri hiyo ililipwa na wanavijiji: mwezi Februari 1965 ndege za Congo zilidondosha mabomu Paidha na Goli, ndani kabisa ya West Nile, na watu wa huko wakajua kwamba nchi yao ilikuwa imeingia katika vita ambavyo hakuna waziri aliyewaeleza habari zake.

Waasi walihitaji silaha, magari, chakula na dawa. Walichokuwa nacho mkononi ni mali ya ardhi waliyoishika, na eneo la Kilo na Moto, ng'ambo ya West Nile, ni miongoni mwa machimbo makubwa ya dhahabu ya Afrika ya kati. Hapo ndipo swali la Ocheng lilipozaliwa. Ikiwa mali imevuka, nani aliipokea? Iliuzwa kwa nani? Na fedha ziliwekwa wapi?

Mbunge wa upinzani hana polisi wala hana mafaili ya serikali. Ana vifaa vichache tu: swali, ambalo waziri analazimika kulijibu ingawa anaweza kulijibu kwa maneno matupu, hoja, ambayo hulilazimisha Bunge zima kupiga kura, na kinga ya Bunge, inayomwezesha kusema ukumbini jambo ambalo angelisema barabarani angeshtakiwa. Ocheng alivitumia vyote vitatu, na juu yake akapata kitu ambacho wabunge wachache hukipata, nacho ni karatasi. Alipata nakala za taarifa ya akaunti ya Amin katika Benki ya Ottoman mjini Kampala. Zilionyesha kwamba mwanzoni mwa 1965, katika muda usiofika mwezi mmoja, zaidi ya shilingi 300,000 ziliingia humo. Kwa viwango vya wakati ule hizo zilikuwa pauni za Uingereza zinazokaribia 17,000, fedha ambazo mshahara wa afisa wa jeshi usingeweza kuzieleza kwa namna yoyote.

Alilitaja jambo hilo kwa mara ya kwanza Bungeni mwaka 1965. Serikali ikajibu kwamba uchunguzi utafanyika. Miezi ikapita. Kila mtu aliyewahi kufuatilia jambo katika ofisi ya umma anajua kilichotokea: jibu halikukataliwa, liliahirishwa tu. Ocheng angeweza kuliacha hapo. Alikuwa mgonjwa, chama chake kilikuwa kinyonge, na mtu aliyekuwa akimhoji alikuwa na bunduki. Badala yake alirudi na hoja rasmi, ili safari hii pawepo kura, na kila mbunge ajulikane amesimama upande gani.

Siku chache kabla ya mjadala, wabunge wa UPC walikuwa wamekubaliana kuiangusha. Kisha, Obote akiwa mbali, baraza la mawaziri lilikutana na kugeuza msimamo. Ndani ya UPC kulikuwa na kundi kubwa lililomwona Waziri Mkuu kama mtu anayejijengea jeshi lake mwenyewe, na kundi hilo, likiongozwa na Katibu Mkuu wa chama Grace Ibingira, liliona katika karatasi za Ocheng nafasi ambayo lenyewe halikuwa na ujasiri wa kuitafuta. Hapa ni lazima kusema wazi kwamba hoja ile haikupita kwa usafi wa nia za walioiunga mkono. Wengine walitaka ukweli. Wengine walitaka kiti cha Obote. Ocheng naye alikuwa rafiki wa Kabaka, na hakuna aliyedhani kwamba angelia machozi kama serikali ingeanguka.

Ocheng aliposimama hakuishia kwenye akaunti. Aliwataja kwa majina Waziri Mkuu Obote, Waziri wa Ulinzi Onama na Waziri wa Mipango Adoko Nekyon, ndugu yake Obote, akidai kwamba nao walinufaika na mali ya Congo. Akaenda mbali zaidi na kudai kwamba kulikuwa na njama ya kuipindua Katiba. Mawaziri waliotajwa walikana. Lakini upepo ulikuwa umegeuka. Mbunge baada ya mbunge aliinuka kuunga mkono, na hoja ilipopigiwa kura ni mtu mmoja tu aliyeipinga waziwazi, John Kakonge, aliyewahi kuwa Katibu Mkuu wa UPC kabla ya Ibingira.

Kuna tofauti ambayo mara nyingi husahaulika hadithi hii inaposimuliwa. Kuhusu Amin, Ocheng alikuwa na ushahidi wa maandishi, na alichoomba kilikuwa jambo la kawaida la utawala bora: afisa akae kando hadi uchunguzi uishe. Kuhusu mawaziri alikuwa na tuhuma. Alizichanganya hizo mbili katika hotuba moja, labda kwa kuwa alijua hatapata nafasi nyingine, na mchanganyiko huo uliwapa wapinzani wake mlango wa kutokea. Waliweza kujibu tuhuma nzito zisizo na karatasi, na kuipita kando akaunti iliyokuwa na karatasi.

Amin alipewa likizo. Obote alirudi Kampala, akakana kila kitu, na akakubali iundwe tume ya uchunguzi. Kisha tarehe 22 Februari polisi waliingia katika kikao cha baraza la mawaziri na kuwakamata mawaziri watano: Ibingira, Balaki Kirya, George Magezi, Mathias Ngobi na Dakta Emmanuel Lumu. Siku hiyohiyo Obote alitangaza kutwaa madaraka yote. Amin, ambaye Bunge lilitaka asimamishwe, akapewa uongozi wa jeshi badala ya Brigedia Shaban Opolot. Tarehe 24 Februari Katiba ilisitishwa. Zilikuwa zimepita siku 20 tangu Ocheng aonye kwamba itapinduliwa.

Tume ilianza kazi chini ya Jaji Clement de Lestang wa Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki, akisaidiwa na majaji kutoka Kenya na Tanzania. Kuwaleta majaji wa nje lilikuwa jambo la busara, kwa kuwa hakuna jaji wa ndani ambaye angeaminiwa na pande zote. Amin alieleza kwamba fedha zile zilikuwa za Wacongo waliompa awanunulie mahitaji. Mwishowe tume haikupata ushahidi wa kuwatia hatiani mawaziri. Ila ripoti haikutolewa kwa umma. Serikali iliyosafishwa na ripoti iliamua kuiweka kabatini, jambo ambalo lilizidisha minong'ono badala ya kuipunguza.

Bunge lenyewe liliendelea kukaa, lakini halikuwa lilelile. Aprili 15 wabunge walipitisha katiba mpya ambayo hawakuwa wamepata muda wa kuisoma. Waliambiwa kwamba nakala zao wangezikuta katika visanduku vyao vya barua. Tarehe 24 Mei jeshi, likiongozwa na Amin, lilishambulia ikulu ya Kabaka huko Mengo. Mutesa aliruka ukuta, akatorokea Burundi na kisha Uingereza, ambako alifariki dunia mwaka 1969.

Ocheng alikuwa kitandani siku zile za Mei, maradhi yakiwa yamemmaliza. Alifariki dunia mwanzoni mwa Juni 1966, siku chache baada ya risasi za Mengo, akiwa na umri wa miaka arobaini na ushei. Hakuwahi kusoma matokeo ya tume aliyoisababisha. Mawaziri watano waliounga mkono hoja yake walibaki kizuizini bila kuhukumiwa kwa karibu miaka mitano. Onama aliendelea kuwa waziri. Hakukuwa na uchaguzi mkuu mwingine nchini Uganda hadi 1980.

Waliofungua milango ya mahabusu hawakuwa majaji wala wabunge. Januari 1971 Amin alimpindua Obote, Bunge likavunjwa, na katika siku zake za kwanza madarakani, akitafuta kupendwa, aliwaachilia Ibingira na wenzake, watu walewale waliopiga kura asimamishwe kazi. Mwaka huohuo serikali yake ikaitoa ripoti ya de Lestang na kuichapisha kama kitabu. Jina lake refu linasema kwamba ni ushahidi na matokeo ya uchunguzi wa tuhuma zilizotolewa na marehemu Daudi Ocheng tarehe 4 Februari 1966. Aliyeamuru kichapishwe ndiye mwenye ile akaunti ya Benki ya Ottoman, na wakati huo hapakuwa tena na Bunge ambalo mtu angeweza kusimama ndani yake kuuliza zaidi.