BESSIE SMITH: TUNALILIA HOSPITALI, TUNASAHAU MKATABA

Leo tutoke kidogo kwenye bongofleva, twende Marekani ya zamani kwa mama mmoja anaitwa Bessie Smith. Enzi zake ndiye alikuwa Malkia wa bluzi, hana mpinzani. Kuna stori juu yake inazunguka miaka nenda miaka rudi, na mimi naona inatuficha jambo kubwa zaidi.

Stori yenyewe ni hivi. Tarehe 26 Septemba 1937 alipata ajali ya gari karibu na Clarksdale, jimbo la Mississippi. Watu wanasema alipelekwa hospitali ya wazungu, wakamkataa kwa sababu ya rangi yake, akafa. Jarida moja la muziki liliandika hivyo mwaka uleule, na baadaye Edward Albee akaitungia mchezo wa kuigiza. Lakini daktari aliyemkuta barabarani usiku ule alikuja kueleza vingine. Bessie alipelekwa moja kwa moja hospitali ya watu weusi palepale Clarksdale. Mkono wa kulia ulikuwa umeharibika vibaya, wakaukata, ila hakupona. Ubaguzi ulikuwepo, tena mkali, maana hata hospitali ziligawanywa kwa rangi. Ila kufukuzwa mlangoni, hapana.

Sasa dhuluma iko wapi? Turudi nyuma kidogo.

Bessie alizaliwa Chattanooga, Tennessee. Wazazi walifariki akiwa bado mdogo, akawa anaimba mtaani huku ndugu yake Andrew akipiga gitaa. Mwaka 1912 akaingia kundi la wasanii wa kuzunguka, ambamo Ma Rainey alikuwa tayari ni jina kubwa. Kwenye mahema hakukuwa na maiki jamani! Sauti yako ifike mpaka kwa aliyekaa nyuma kabisa, la sivyo umeumia. Ndiyo maana hata leo ukisikiliza rekodi zake, pamoja na mikwaruzo yote, kila neno unalipata.

Februari 1923 aliingia studio za Columbia. Wimbo wa Downhearted Blues, uliotungwa na Alberta Hunter na Lovie Austin, ukauza santuri mamia ya maelfu. Mwaka 1925 akarekodi na Louis Armstrong. Mpaka anaachana na Columbia mwaka 1931, alikuwa amewarekodia nyimbo 160.

Na malipo? Mwanzoni dola 125 kwa wimbo, basi, imekwisha. Mrabaha, yaani mgao wa kila nakala inayouzwa, haukuwepo. Santuri iuze kumi au iuze laki, yeye chake ni kilekile.

Kipindi cha neema hakuona shida, sababu majukwaa yalimlipa vizuri. Alikuwa na behewa lake mwenyewe la treni, yeye na kundi lake wanalala humo, maana hoteli nyingi hazikupokea weusi. Lakini mdororo wa uchumi ulipoanza mwaka 1929, watu hawana hela, redio na sinema za sauti nazo zinawavuta mashabiki, maonyesho yakapungua. Hapo ndipo mrabaha ungemsaidia. Mwaka 1933 alirekodi nyimbo 4 za mwisho kwa dola 37.50 kila mmoja. Hebu fikiria!

Mazishi yake Philadelphia yalijaza maelfu ya watu, lakini kaburi lilikaa bila jiwe la jina miaka 33. Agosti 1970 ndipo likawekwa, kwa mchango wa mwanamuziki Janis Joplin na mama mmoja aliyewahi kufanya kazi za nyumbani kwa Bessie akiwa mtoto.

Tangu tarehe 1 Januari 2024, kwa sheria ya Marekani, rekodi zake za 1923 ni mali ya umma. Yaani zaidi ya miaka 100 kuna watu walikula hela ya sauti ile, na mwenye sauti hakuwemo.

Stori ya hospitali inatupa mtu wa kumlaani, tunalaani tunaondoka. Ya mkataba haina kelele, ila ndiyo inayowamaliza wasanii mpaka kesho. Wewe unayerekodi saa hizi na unataka kusaini karatasi kwa sababu umeonyeshwa noti za haraka haraka, isome kwanza mpaka mwisho. Utafute neno mrabaha. Usipoliona, uliza.

Haya wadau, uwanja ni wenu, tiririkeni hapo chini.