Mtakatifu Lidwina wa Schiedam: Msimamizi wa Wagonjwa wa Muda Mrefu

Huku Nyarugusu, mtu huingia shimoni kuchimba dhahabu akiwa na nguvu zake, akatolewa amebebwa, na tangu siku hiyo asisimame tena. Wengine hudhoofika miguu polepole bila ajali yoyote, na majirani huanza kunong'ona habari za uchawi. Kwa ajili ya ndugu hao tunamkumbuka Mtakatifu Lidwina.

Alizaliwa mwaka 1380 mjini Schiedam, Uholanzi, binti pekee kati ya watoto 9. Akiwa na umri wa miaka 15, katika majira ya baridi, alikuwa akiteleza na wenzake juu ya maji yaliyoganda, akaanguka na kuvunjika ubavu. Hakupona tena. Miguu ilipooza, macho yakafifia, maumivu yakatulia na kurudi. Baadhi ya madaktari wa nyakati zetu wameona katika habari hizo dalili za sklerosisi, ugonjwa ambamo kinga ya mwili hushambulia utando unaolinda mishipa ya fahamu katika ubongo na uti wa mgongo. Ugonjwa huo hautokani na uchawi wala laana, wala hauambukizi.

Tusidhani kwamba Lidwina alikuwa mvumilivu tangu mwanzo. Alilia sana, asikubali kufarijiwa. Padre Yohane Pot ndiye aliyemwendea mara kwa mara, akamfundisha kuyatafakari Mateso ya Kristo. Hatua kwa hatua moyo wake ulitulia. Akiwa kitandani aliwagawia maskini sadaka alizopewa, akawapokea na kuwafariji waliomjia. Alifariki dunia tarehe 14 Aprili 1433, na mwaka 1890 Papa Leo XIII akaithibitisha heshima yake katika Kanisa.

Kuishi vema na ugonjwa, basi, si kujifanya kwamba hauumi. Mgonjwa anahitaji daktari. Tumpeleke hospitali mapema, hata Bugando kule Mwanza, kabla fedha hazijaishia kwa waganga. Tena anahitaji mtu atakayerudi. Jumuiya zetu humiminika juma la kwanza. Mwezi wa sita ua huwa kimya. Nasi mapadre tumo katika kosa hilo. Tumwendee tena aliyesahauliwa, tukae naye, tumletee Ekaristi.

Mtakatifu Lidwina, utuombee.